Uzi Namba Tano

Hapakuwa na maiti. Tangu Ijumaa jioni, alipopewa kesi hiyo kwa simu iliyokuwa ikikatikakatika, mpelelezi Hannia Quesada alilala na kuamka akiamini kwamba kuna mtu moyo wake umesimamishwa na mtu mwingine. Jumatatu asubuhi alipofungua jalada ndipo akakuta kuwa moyo wenyewe haukuwa wa mtu. Ulikuwa moyo wa kuigiza, ndani ya kompyuta, kwenye maabara moja ya prosesa pale Heredia, na uliposimama hakuna aliyemwaga hata tone la damu. Hannia alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Alikuwa amefunika nyuso nyingi kwa shuka katika kazi hii, na kesi isiyo na shuka kwake ilikuwa likizo.

Furaha hiyo haikumaliza kikombe cha kahawa. Maiti haikuwapo, lakini mtu wa kufungwa alikuwapo.

Maabara ilikuwa inasanifu prosesa ya kuendesha pampu ya moyo, ile inayowekwa kifuani mwa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka. Prosesa yenyewe ilikuwa bado haijatengenezwa. Waliijaribu kwanza katika kiigizi, yaani programu inayojifanya prosesa na kutenda kila ambacho prosesa ingetenda. Ijumaa, mbele ya madaktari wageni, pampu ya kiigizi ilisimama ghafla. Kinasa, ile sehemu ya kiigizi inayonukuu nani kafanya nini, kilimtaja aliyetoa amri ya kusimama: uzi namba tano. Na uzi namba tano ulikuwa chini ya mhandisi Yorleny Chinchilla. Mkurugenzi, don Rolando Zeledón, yaani bwana Rolando, alimnyang'anya kadi ya kuingilia siku hiyo hiyo na kumshtaki kwa hujuma. Mwendesha mashtaka alitaka neno la Hannia baada ya chakula cha mchana. Akisema ndiyo, Yorleny analala mahabusu.

Hannia akachukua funguo za gari akaenda Barva.

Anwani kwenye jalada ilisema: kutoka lilipokuwa duka la La Violeta, mita mia kusini, nyumba ya ukuta wa kijani. Duka la La Violeta lilivunjwa Hannia akiwa bado msichana wa shule, lakini hilo halikumpa taabu. Aliegesha mbele ya duka la simu lililojengwa mahali pale, akageukia kusini, akatembea. Ukuta ulikuwa wa njano.

"Tulipaka mwaka juzi," alisema doña Eida, bibi wa nyumba na mama yake Yorleny, akifungua geti. "Lakini watu wote wanajua ni wa kijani. Pita, mama, pita. Umekula?"

Hannia alikuwa amekula. Aliwekewa sahani hata hivyo, wali na maharage, yai na malai pembeni, na akasimamiwa mpaka akaanza. Yorleny alitoka chumbani macho yamevimba, amevaa fulana ya maabara. Labda nyingine hazikuwa zimefuliwa, labda ni ukaidi tu.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," Hannia alimwambia.

"Mama yangu anaelewa kuliko don Rolando." Yorleny akavuta kiti. "Chukulia prosesa ni mgahawa. Una majiko manne. Kila jiko lina wapishi wawili wanaopokezana. Huyu akingoja maji yachemke, mwenzake anakaanga, jiko halikai bure. Mpishi ndiye tunayemwita uzi. Majiko manne, wapishi wanane, na kila mmoja ana namba yake na kazi yake."

"Na wewe ulikuwa na namba tano."

"Programu yangu ndiyo iliyokuwa kwa namba tano. Kazi yake ni moja tu. Mgonjwa akipanda ngazi, anaiambia pampu iongeze kasi. Mgonjwa akitulia, mpishi wangu analala."

"Ijumaa mgonjwa alikuwa anapanda ngazi?"

"Mgonjwa alilala chali kitandani onyesho zima! Na mimi nilikuwa nyuma ya chumba napanga vikombe. Doña Hannia, mpishi wangu alikuwa usingizini. Aliyelala anazimaje jiko la mwenzake?"

"Ulimwambia hivyo don Rolando?"

"Alisema kinasa hakisemi uongo."

"Na huwa kinasema uongo?"

Yorleny alifikiri. Alifikiri kweli, akiuma kucha. "Hapana," akasema. "Hakijawahi."

Jibu hilo lilimwumiza mwenyewe, na Hannia alilipenda. Mwenye hatia angekitupia kinasa lawama zote na kuomba kahawa.

"Mmegombana, wewe na mkurugenzi."

"Nilimwambia mbele ya watu kwamba anaharakisha onyesho. Akaniambia niache uoga."

"Mwambie na kwamba umeitwa kazi kwingine," doña Eida alisema kutoka jikoni.

"Mama!"

"Si anapeleleza? Atajua tu."

Yorleny akafumba macho. "Niliitwa, nikakataa. Baba yangu alikufa akingoja pampu kama hii. Sasa mimi niende wapi, na nikafanye nini?"

Doña Eida alikuja na kitambaa cha sahani mkononi akasimama nyuma ya kiti cha bintiye. "Nimemwahidi Bikira Maria wa Malaika," akamwambia Hannia. "Akitoka salama, natembea kwa miguu mpaka kanisani kwake, Cartago."

"Mama, na magoti yako hayo?"

"Magoti ni yangu. Nyamaza."

Don Rolando Zeledón alimpokea Hannia mlangoni mwa maabara, saa ameishika mkononi badala ya kuivaa. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Alikuwa amefanya kazi Texas miaka mingi, akarudi kushika ofisi baada ya don Fabio, mzee aliyekitengeneza kile kiigizi, kustaafu. Huko Texas alijifunza mengi mazuri. Alijifunza pia kuamini kwamba kilichokwisha kuonekana kwenye skrini hakina mjadala.

"Doña Hannia, sitaki kukupotezea muda. Kinasa kinasema tano. Tano ni ya Yorleny. Yorleny ana kinyongo na mimi. Moja, mbili, tatu."

"Umenitangulia," Hannia alisema. "Mimi bado niko kwenye moja. Nani atanionyesha hicho kinasa?"

Alionyeshwa Greivin Umaña, kijana mhandisi mwembamba aliyefanya kazi meza moja na Yorleny. Greivin alisimama kumsalimu akaangusha kijiko, akainama kukiokota akaangusha kalamu. Hannia alimngoja amalize kuangusha vitu. Kisha akamwomba don Rolando awaache kidogo.

"Ijumaa asubuhi hukuwapo kazini."

"Nilikuwa kwa daktari wa meno."

"Jino gani?"

Greivin akagusa shavu la kulia. Kisha, kwa usalama zaidi, akagusa na la kushoto.

"Greivin."

"Nilikuwa kwenye foleni ya tiketi za fainali," akasema kwa sauti ya mtu anayeungama. "Onyesho nililiwahi, lakini kazini nilichelewa. Naomba don Rolando asijue, doña Hannia. Ataniua."

"Mbele yangu hawezi. Tiketi ulipata?"

"Mbili."

"Hongera. Sasa tufanye kazi."

Ubaoni, ukutani, palichorwa majiko manne na wapishi wanane, kila mmoja na kazi yake chini. Kwa namba tano paliandikwa: kasi ya ngazi, Yorleny. Hannia aliutazama ubao, kisha akauliza swali ambalo Greivin, kwa uso wake, alikuwa akilingojea.

"Mnahesabu kuanzia moja au kuanzia sifuri?"

Greivin akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sifuri. Kila mgeni huuliza hilo. Ni sifuri ubaoni, ni sifuri kwenye prosesa, na kinasa nacho huanza sifuri, nimelichimbua hilo tangu Jumamosi nikitumaini litamwokoa. Halimwokoi."

"Basi njia hiyo imefungwa. Nionyeshe namba tano ilifanya nini Ijumaa."

Mistari ya kinasa ikamiminika kwenye skrini. Greivin aliisoma, na tabasamu likamtoka. Don Rolando, aliyekuwa amekwisha rudi kimya kimya, akasogea.

"Haikulala," Greivin akasema polepole. "Imefanya kazi onyesho zima, bila kupumzika, mpaka ilipotoa amri ya kusimama."

Don Rolando akakohoa kikohozi cha ushindi.

Hannia hakupenda alichosikia. Ama Yorleny alimdanganya mezani kwa mama yake, huku macho yake yamevimba vile, ama kuna kitu hapa hakijakaa sawa. Alikuwa amewahi kudanganywa na macho yaliyovimba. Lakini yule aliyesema kinasa hakijawahi kusema uongo, akijitia kitanzi mwenyewe, angesema pia kwamba mpishi alikuwa amelala, kama alijua kinasa kitamwumbua?

"Nionyeshe wapishi wote," akasema.

"Wote kwa pamoja? Hakuna anayewatazama wote, ni mafuriko. Tunachagua mmoja tunayemtaka."

"Fungulia mafuriko."

Greivin akafungulia. Hannia hakuelewa amri hata moja kati ya zile zilizopita, lakini ukingoni mwa kila mstari palikuwa na namba ya mpishi, na namba alizijua. Alizifuata kwa kidole. Nne, mbili, sita, tano, tisa, tatu.

"Simamisha. Huyu tisa ni nani?"

"Hakuna tisa," Greivin alisema. "Wanaishia saba."

"Huyu hapa. Na huyu hapa nane. Haya, nitafutie sifuri."

Greivin akatafuta. Akatafuta tena, safari hii akiwa amesimama. "Sifuri hayupo," akasema. "Moja naye hayupo. Mama yangu wee."

"Labda wamelala," don Rolando alisema.

"Sifuri ndiye anayepigisha mapigo ya pampu, don Rolando. Huyo akilala, mgonjwa amekufa."

Hannia akavuta kiti akakaa, maana sasa alihitaji kukaa. "Greivin. Huyo mpishi, mwenyewe anaijua namba yake?"

"Anaijua. Prosesa humshonea kwenye aproni. Programu ikimuuliza wewe nani, anaangalia aproni yake anajibu. Ubao wetu tumeuandika kwa namba za aproni."

"Na kinasa, kinaangalia aproni?"

Greivin akaitazama skrini tena. "Hapana. Kinasa hakimo ndani ya prosesa. Kiko nje, kinachungulia. Kinawahesabu kwa walivyopangwa, kutoka mlangoni."

"Mlango upi?"

"Eti?"

"Kutoka mlango upi, Greivin?"

Greivin hakujua. Alimtazama don Rolando, na don Rolando hakujua. Wote wawili walikuja baada ya don Fabio kuondoka, na Yorleny vilevile. Hannia, aliyekuwa asubuhi hiyo ametembea kutoka duka lisilokuwapo mpaka ukuta wa kijani ulio wa njano, bila kupotea hata kidogo, alihisi vinyweleo vya mikono vikimsimama.

"Walaze wote," akasema. "Mwache mpishi wa Yorleny peke yake. Mpandishe mgonjwa ngazi ili aamke, umuulize aproni yake ina namba gani. Halafu tutazame kinasa kinamwitaje."

Kiigizi kina subira kuliko watu wanaokitumia. Jambo ambalo prosesa ya kweli ingelimaliza kabla hujapepesa macho, chenyewe kilitaka muda wa kuchuja kahawa na kuinywa, kwa hiyo wakachuja kahawa wakainywa. Greivin alileta empanada, mikate midogo iliyojazwa jibini, ambazo hakuna aliyeziomba na zote zikaliwa. Kwenye skrini, mgonjwa, mtu wa vijiti asiye na hata uso, alipandisha mguu kwenye ngazi ya kwanza akaganda, akapandisha wa pili akaganda. Simu ya Hannia iliita. Ilikuwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Aliiacha iite.

"Hii ni michezo," don Rolando alisema. "Namba ni namba."

"Kula empanada, don Rolando."

Mgonjwa akafika ngazi ya tatu, na mistari miwili ikatokea pamoja. Wa kwanza ulikuwa wa mpishi mwenyewe, akisoma aproni: mimi ni tano. Wa pili ulikuwa wa kinasa. Kinasa kilisema aliyeamka ni uzi namba saba.

Greivin alijishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebeba gunia siku tatu na kulitua. "Si yeye!" alisema. "Doña Hannia, si yeye! Ijumaa saba alikuwa amelala fofofo, nilimwona, sikujua ni nani!"

"Tulia kwanza. Kwa nini mbili zimezidi? Mpigie don Fabio."

Don Fabio alikuwa Puntarenas na wajukuu, na simuni ilisikika bahari, watoto, na mtu anayeuza barafu. Greivin alimweka kwenye spika akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa tatizo ni nini?" akauliza. "Kinasa kinahesabu kutoka alipokuwa mlinzi."

"Mlinzi gani, don Fabio?"

"Yule wa mbele, mwanangu! Kulikuwa na jiko dogo pale mlangoni, na wapishi wake wawili, kazi yao kuwaamsha wengine asubuhi. Nililing'oa kabla sijastaafu, halikuwa na kazi tena. Prosesa ikawashonea waliobaki aproni mpya."

"Na kinasa hukukibadilisha hesabu?"

"Nikibadilishe kwa nini, watu tushazoea? Ukitaka mpishi wa kwanza unaanzia kwa mlinzi, unapita wale wawili, umefika. Kila mtu anajua alipokuwa mlinzi."

"Kila mtu yupi?" don Rolando akafoka. "Hapa hakuna aliyejua!"

"Huyo nani anayepiga kelele?" don Fabio aliuliza.

"Mkurugenzi," Hannia alisema.

"Ahaa. Si angeuliza?"

Hannia alimshukuru mzee, akamtakia barafu njema, akakata simu. Hakucheka, ingawa alitaka sana. Yeye mwenyewe wageni wakimuuliza anapokaa huwaelekeza kutoka sinema iliyoungua.

"Sasa tutoe mbili," akasema. "Kinasa kikisema saba, aproni ni tano. Kikisema tano?"

Wote watatu wakageukia ubao. Aproni namba tatu. Chini yake paliandikwa: picha ya wageni, Greivin.

Kicheko kilimwishia Greivin kooni. Uso ukamsawajika, akakaa kitini kama mtu aliyesukumwa. Don Rolando alimnyooshea kidole, na Hannia akakishusha kile kidole kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anavyoshushwa mtoto kwenye kiti.

"Leo kidole hicho kimeshakosea mara moja," alimwambia. "Greivin, picha ya wageni ni nini?"

"Ile michoro ya rangi, mapigo na damu inayozunguka, ili madaktari wapate cha kutazama. Niliiandika Alhamisi. Haigusi pampu, doña Hannia. Inaitazama tu. Isipokuwa..."

"Isipokuwa?"

Macho ya Greivin yalitoka kwa Hannia yakaenda kwa mkurugenzi, yakabaki huko. "Don Rolando, wewe si ndiye uliyeniambia? Ukishafunga picha, kila kitu kizimike, kioo kibaki safi, hutaki mchoro ulioganda mbele ya wageni. Ulisema kila kitu. Nikaandika kila kitu." Sauti yake ilishuka. "Sikufikiri kwamba pampu nayo ni mojawapo ya kila kitu."

Hannia akamgeukia mkurugenzi. "Pampu ilisimama wakati gani?"

"Mwishoni. Nilikuwa nimemaliza kuzungumza."

"Ukawa unafanya nini?"

"Nawakaribisha wageni kahawa."

"Kwa mdomo. Mkono ulikuwa wapi?"

Don Rolando aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ameletewa na posta. "Kwenye kompyuta," akasema. "Nilifunga picha."

"Kisha?"

"Kisha nikasikia madaktari wamenyamaza."

"Rudieni," Hannia alisema. "Sitaki kukisia. Mgonjwa alale chali, wapishi wote kazini, picha ifunguliwe. Don Rolando, utafunga wewe mwenyewe."

Wakarudia. Kahawa ilichujwa tena. Mgonjwa wa vijiti alilala, mapigo yakapanda na kushuka kwenye mchoro, mekundu na ya buluu, na don Rolando alisimama mbele ya kompyuta mikono ameifunga kifuani. Greivin alipomwashiria, akabonyeza. Picha ikatoweka. Kinasa kikaandika amri ya kusimama, na jina la mtoaji: tano, ambaye ni tatu. Pampu ikasimama.

Greivin aliruka akapiga makofi, na Hannia alijikuta naye anapiga makofi. Si kawaida watu kushangilia moyo unaposimama, lakini wao waliushangilia. Hapakuwa na hujuma. Hapakuwa na adui, wala kinyongo, wala maiti. Palikuwa na bwana mmoja aliyetaka kioo safi, na kijana aliyemtii neno kwa neno.

"Ingekuwa kifuani mwa mtu," don Rolando alisema. Ni kama hakuwa anasema na yeyote. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Haikuwa," Hannia alimjibu. "Mshukuru Mungu imesimama humu. Greivin, iondoe hiyo amri sasa hivi, nikiona."

Akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi. Mwendesha mashtaka aliambiwa kesi haipo, akauliza kama ana hakika, akaambiwa ameiona kwa macho yake, mara mbili. Ya pili ilipokelewa Barva na doña Eida.

"Amesafika," Hannia alisema. "Hana kosa lolote."

Ukelele uliotoka simuni ulimfanya aisogeze mbali na sikio. Ulifuatwa na jina la Bikira, kishindo cha kiti kuanguka, na mbwa wa jirani. Halafu sauti ya Yorleny, ndogo.

"Mpishi wangu alikuwa amelala?"

"Fofofo."

Yorleny alilia. Hakujizuia na Hannia hakumzuia. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, maana yeye naye machozi yalikuwa yamemlenga, na ya furaha safari hii, jambo ambalo kazi yake haikumpa mara nyingi. Nyuma ya kilio doña Eida alisikika akiuliza viatu vyake vya kutembelea viko wapi.

"Doña Hannia," Yorleny alisema alipopata sauti, "na ile amri, imeshaondolewa? Isije ikaingia kwa mgonjwa."

"Greivin anaiondoa."

"Mwambie aangalie na ile ya kufunga picha kwa dharura. Huwa anaisahau."

Hannia alimwambia. Greivin akapiga paji la uso. Alikuwa ameisahau.

Alipokata simu, don Rolando alikuwa amesimama karibu, kadi ya Yorleny ya kuingilia mkononi. Alikuwa ameitoa kwenye droo bila kuambiwa, na hilo Hannia alimhesabia kuwa jema.

"Nipe namba yake," alisema. "Nataka kumwomba radhi."

"Ijumaa ulimfukuza kwa njia gani?"

"Nilimwita hapa, mbele ya wote." Alisita. "Nikamwambia atoke."

"Basi simu haitoshi. Nenda kwao, umpe kadi yake mkononi, mama yake akiwapo."

Don Rolando alikubali kwa kichwa. Akatoa simu yake, akafungua ramani. "Niambie anwani."

"Barva. Kutoka lilipokuwa duka la La Violeta, mita mia kusini, ukuta wa kijani."

Aliandika. Akangoja. Akaandika tena, polepole zaidi. "Ramani haina La Violeta."

"Lilivunjwa zamani. Na ukuta ni wa njano."

Greivin aliinamisha uso kwenye kibodi, mabega yakimtikisika. Don Rolando alimtazama yeye, akamtazama Hannia, akaitazama kadi yenye picha ya Yorleny akiwa anacheka.

"Sasa nitafikaje?"

Hannia alikuwa amekwisha tia jalada kwenye mkoba, jepesi kuliko alivyolileta. "Utauliza watu, don Rolando," alimwambia. "Ndivyo ulivyotakiwa kufanya hata Ijumaa."